Wapi pa Kutafuta Yaliyozikwa

Historia haikuandikwa vitabuni peke yake. Sehemu yake kubwa imeandikwa ardhini, na herufi zake ni jembe lililovunjika, kigae cha chungu, sarafu iliyomponyoka mchuuzi, na mavi ya chuma yaliyomwagwa kando ya tanuri la mhunzi. Maandishi hayo hustahimili mvua na jua kwa mamia ya miaka, lakini hayastahimili mkono wa mtu mwenye haraka. Ukurasa wa kitabu ukiraruka, yamkini nakala nyingine ipo mahali pengine. Ukurasa wa ardhi hauna nakala.

Nasema hayo mapema kwa sababu kuna chombo ambacho vijana wengi hukitamani: chombo cha kutambua metali. Mwenye kukipata hukishika kama mvuvi ashikavyo wavu mpya, na swali lake la kwanza huwa ni hili: niende wapi? Swali hili laonekana dogo, lakini ni swali la mwanahistoria hasa. Atakayelijibu vema amekwisha kujifunza nusu ya kazi, hata kabla hajainama kuokota kitu. Na tuliozaliwa au tunaoishi katika mwambao wa Ziwa Victoria, kutoka Kisumu hadi Siaya, Homa Bay na Migori, tuna mifano ya kutosha ya kutuongoza bila kuazima ya mbali.

Kwanza na tukifahamu chombo chenyewe. Kichwani mwake mna mzingo wa waya unaopitishiwa umeme. Umeme huo huzaa nguvu ya sumaku inayoshuka udongoni. Ikikuta kipande cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo hurudisha jibu. Hapo chombo hulia. Akili yake ndiyo hiyo tu. Hakiwezi kukuambia kama kilichokiliza ni bangili ya shaba ya bibi wa kale au kizibo cha soda cha juzi. Sarafu ndogo hukisikia kwa kawaida katika kina cha shubiri moja au zaidi kidogo; chini ya hapo ni kiziwi. Na penye udongo wenye chuma kingi, huweza kulia ovyo kama mbwa anayebwekea kivuli.

Wazo la chombo hiki ni la zamani. Mwaka 1881 James Garfield, rais wa Marekani, alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kuiona ilikokwama mwilini. Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alileta mtambo wake wa kutafuta metali kwa umeme, akampima mgonjwa. Mtambo ulikuwa mzuri, lakini jitihada zake hazikufaulu. Springi za chuma za kitanda ziliuchanganya, na daktari mkuu, aliyeamini kwamba risasi ilikuwa upande wa kulia, alimwacha Bell atafute upande huo tu. Rais alipokufa ilionekana kwamba risasi ilikuwa kushoto. Baadaye, katika Vita vya Pili vya Dunia, afisa wa Poland aliyeitwa Józef Kosacki alitengeneza chombo cha kutafuta mabomu yaliyofukiwa, nacho kikatumika katika mapigano ya El Alamein, Misri, mwaka 1942. Huko askari walijua vema mahali pa kupima: njia ile ambayo jeshi lilitaka kupita. Basi mifano hii miwili yatufunza jambo moja. Chombo kizuri mahali pasipo penyewe ni mzigo tu. Kichwa cha mtumiaji ndicho kinachotangulia.

Je, kichwa hicho kifikiri nini? Kiulize maswali manne. Ni nani aliyekaa au kupita mahali hapa? Alichukua nini mkononi au mfukoni? Ardhi yenyewe imebadilika vipi tangu wakati wake? Na leo ni ya nani? Na tuyachukue maswali haya tuzunguke nayo katika mwambao wetu.

Tuanze na Kisumu. Jina lenyewe latokana na neno la Kijaluo linalohusu mahali ambapo watu walikwenda kubadilishana na kutafuta chakula. Kabla ya reli basi, hapa palikuwa mahali pa kukutania watu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingo wa ziwa tarehe 20 Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandazaji wa reli. Wakati huo sehemu hii ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka 1902. Majini nako kulikuwa na pilikapilika: meli ndogo iitwayo William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka Uingereza na kuunganishwa hapo Kisumu, ilishushwa ziwani mwaka 1900, na nyingine kubwa zaidi zikafuata.

Mwanafunzi mwenye macho ataona mara moja kwamba mahali watu walipopanga foleni, walipopakua mizigo, walipolipwa mishahara na walipouziana samaki, ndipo vitu vilipoanguka. Hapo ndipo sarafu zinapoanza kusema. Rupia ilitumika katika nchi hii hadi mwaka 1920, ilipobadilishwa kwa florini. Florini nayo haikudumu, kwa maana shilingi iliingia mwaka 1921. Senti zenye tundu katikati, ambazo watu waliweza kuzitunga katika uzi, zilianza kutolewa mwaka 1907, nazo ziliendelea hata baada ya uhuru, mpaka Kenya ilipotoa sarafu zake yenyewe mwaka 1966. Kwa hiyo sarafu ni shahidi, lakini ni shahidi wa namna ya pekee. Senti ya mwaka 1913 haikuambii kwamba iliangushwa mwaka 1913. Yakuambia tu kwamba haikuangushwa kabla ya hapo. Kama imelala juu ya sakafu ya duka la zamani, basi sakafu hiyo ilikuwapo ikikanyagwa mwaka ule au baada yake. Lakini ukiing'oa bila kutazama sakafu, umebaki na senti moja isiyonunua kitu wala kuthibitisha kitu.

Swali la tatu, la mabadiliko ya ardhi, lina uzito mkubwa kwetu, kwa sababu ziwa halikai mahali pamoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua kubwa ziliyapandisha maji yake zaidi ya mita mbili, yakafunika fuo, mashamba na bandari ndogo. Mwaka 2020 yalipanda tena hata watu wengi wa pwani wakahama makazi yao. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua mahali mashua zilipofikia zamani asiutazame ukingo wa leo akadhani ndio uliokuwapo siku zote. Pengine gati la babu yake liko chini ya maji na magugu. Pengine mchanga anaousimamia leo uliletwa na mafuriko ya miaka michache iliyopita. Wazee wa pwani huyajua haya. Mzee mmoja anayekumbuka mti uliofungwa mashua ana thamani kuliko chombo chenye taa kumi.

Tufike sasa mahali ambapo chombo hushindwa kabisa. Sifa ya mwambao wetu mbele ya wataalamu wa dunia haikutokana na metali. Mwaka 1948 Mary Leakey aliona katika kisiwa cha Rusinga fuvu la mnyama wa jamii ya nyani wakubwa aitwaye Proconsul, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Aliliona kwa macho, akitembea mahali mvua ilipokuwa imemomonyoa udongo. Mwaka huohuo ilitolewa taarifa ya vyungu vya Urewe, katika Siaya ya leo, iliyoandikwa na Mary na Louis Leakey pamoja na Walter Edwin Owen. Owen, aliyekufa mwaka 1945, alikuwa kasisi wa misheni aliyefanya kazi Nyanza, wala hakuwa mtaalamu wa chuo kikuu katika mambo ya kale. Alikuwa mtu wa kutembea, kuokota kwa uangalifu, kuandika mahali alipoona kitu, na kuwaita wanaojua zaidi. Vyungu hivyo vina kibonyeo kidogo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole. Tangu hapo vigae vya namna hiyo vimeonekana Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania, hata jina la kijiji cha Urewe limekuwa jina la utamaduni mzima wa watu waliolima na kufua chuma kuzunguka ziwa hili tangu zaidi ya miaka 2000 iliyopita.

Fikiri, ewe msomaji. Kama kijana mwenye chombo angepita Urewe kabla ya Owen, chombo kingenyamaza juu ya vyungu. Kingelia labda kwa kipande kimoja cha chuma kilicholiwa na kutu. Kijana angechimba shimo, akavipasua vigae kwa sepeto, akakitupa kile chuma kwa hasira kwa kuwa si fedha, akaenda zake. Mlango mmoja wa historia ya Afrika Mashariki ungefungwa na mtu ambaye hakujua hata kwamba alikuwa mlangoni.

Kwa habari ya chuma, tunao majirani wa kutufundisha. Wasamia wa vilima vya mpakani mwa Kenya na Uganda walikuwa wahunzi mashuhuri. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri kwa nguvu ya mivukuto na makaa, wakafua majembe yaliyouzwa mbali, na majembe hayo yalitumika hata katika mahari. Mahali pa tanuri la zamani hutambulikana kwa mavi ya chuma, mabomba ya udongo yaliyoungua, na makaa. Chombo kitalia sana mahali hapo, na mwanafunzi atadhani amepata hazina. Kweli ni hazina, ila si ya kuchukua. Makaa yale, yakipimwa na wataalamu, hutaja umri wa tanuri. Yakichanganywa na udongo wa juu kwa jembe la mtu mwenye pupa, hayasemi tena.

Jambo hili lilionekana dhahiri ng'ambo ya pili ya ziwa, katika nchi ya Wahaya, karibu na Bukoba. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, mtaalamu wa Marekani, Peter Schmidt, alitaka kujua achimbe wapi. Hakuanza na mtambo. Aliketi na wazee, akawasikiliza wakisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe na za kufua chuma, wakamwonyesha katika kijiji cha Katuruka mti wa kuheshimiwa ambao jina la mahali pake lataja ufuaji wa chuma. Walipochimba karibu na hapo waliona mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2000. Masimulizi yalikuwa yamelinda mahali hapo kwa vizazi visivyohesabika. Basi, anayeanza kutafuta asipuuze neno la mzee, na asidhani kwamba hadithi ni ya kuwalaza watoto tu.

Kuna mahali pengine ambapo twapaswa kwenda, lakini bila chombo. Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori, ni maboma ya mawe yaliyojengwa bila udongo wala saruji, yapata karne ya 16. Kuta zake hufikia urefu wa mita nne na zaidi mahali pengine, na zimesimama kwa sababu mawe yamepangwa kwa ustadi yakashikana. Mwaka 2018 yaliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mtu akienda huko aende na daftari na macho. Vivyo hivyo na gunda, yaani mahali pa boma la kale lililohamwa, ambayo ni mengi katika nchi ya Wajaluo. Gunda humvutia sana mtafutaji, kwa kuwa watu walikaa hapo kweli. Lakini ikumbukwe kwamba Wajaluo huwazika watu wao nyumbani. Anayechimba gunda huenda anachimba kaburi la babu wa mtu, na hakuna senti ya kale inayolipa aibu hiyo.

Hapa twalifikia swali la nne: ardhi ni ya nani? Ruhusa ya mwenye shamba ni lazima, lakini haitoshi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yasema kwamba vitu vya kale, yaani vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, vilivyo ardhini ni mali ya serikali, na kwamba kuvitafuta kwahitaji leseni. Mtu akikutana na kitu cha namna hiyo kwa bahati, apaswa kutoa taarifa katika muda wa siku saba, akieleza mahali na namna alivyokiona. Madini nayo yako chini ya sheria yake. Pengine kijana atalalamika kwamba sheria yamnyima raha. Na aitazame kwa jicho la pili: kama kila aliyepita Urewe au Rusinga angekuwa na haki ya kubeba alichoona, leo tungesimulia nini?

Historia yetu yenyewe yaonyesha madhara ya tamaa ya metali kuipita heshima ya ardhi. Dhahabu ilipoonekana Kakamega mwaka 1931, wageni walimiminika kuitafuta. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria iliyowaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ingekuwa yao daima. Dhahabu iliijaribu ahadi hiyo. Mnamo Desemba 1932 sheria ikabadilishwa upesi, ili ardhi yenye dhahabu iweze kutolewa bila kufuata masharti yaliyokuwapo. Neno "daima" lilidumu miaka miwili. Mtafutaji mdogo mwenye chombo mkononi si serikali, lakini jaribu ni lilelile: kuona kilicho chini ya udongo na kumsahau aliye juu yake.

Hatari nyingine ni ya mwili. Mnamo Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipigana Kisii, na askari na silaha walisafirishwa katika ziwa hili. Risasi au bomu lililozikwa halizeeki kama mwanadamu. Ukiona kitu kinachofanana na hivyo, usikiguse wala usikipige. Weka alama kwa mbali, uwaite polisi.

Sasa niwajibu vijana waniulizao: basi twende wapi? Nendeni kwanza karibu. Uwanja wa shule, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Shamba la mjomba linalolimwa kila mwaka, ambalo udongo wake wa juu umekwisha kugeuzwa na jembe mara nyingi. Mchanga wa ufuo ambao watu hucheza siku za sikukuu, kama wenyeji na wenye mamlaka wameruhusu. Mahali hapo mtapata misumari, vizibo, funguo, na pengine senti yenye tundu. Ni masomo madogo, lakini ni masomo. Kila kinachopatikana kiandikiwe tarehe, mahali, kina, na vilivyokuwa jirani yake. Shimo lifukiwe. Na siku mtakapoona kigae cha chungu, mavi ya chuma, mfupa, au kitu kinachoonekana cha zamani sana, simameni hapohapo. Kukitazama tu na kuamua umri wake si kazi ya mwanafunzi wala ya mwalimu wake. Acheni kitu kilipo, mkaitoe habari kwenye Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, ambako wapo watu wenye kazi hiyo.

Kusimama hivyo huonekana kama kushindwa, kumbe ndiko kufaulu. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Vigae vya Urewe vilingoja zaidi ya miaka elfu moja chini ya ardhi, wala havikuharibika kwa kungoja. Vingeharibika kwa saa moja ya pupa. Anayejua mahali pa kutafuta amesoma. Anayejua mahali pa kuacha amesoma zaidi, na watakaozaliwa baada yetu katika mwambao huu watamshukuru, ijapokuwa hawatalijua jina lake.